DENI HALILIPWI KWA DENI

Somo: 2 Wafalme 4:1-7



Leo tunasema juu ya mzigo ambao wengi wanaubeba kimya mpaka kwenye maombi: deni. Kila mwisho wa mwezi baba na mama wanakuja mbele ya nabii wakiomba mlango wa feza ufunguke. Tukiwauliza kwa upole, tunakuta hawatafuti feza ya chakula. Wanatafuta ya kumlipa mkopeshaji wa kwanza, na wa pili wamekwisha kumpata.

Hapa Likasi, tangu Kikula mpaka Panda na Shituru, kila mtu anajua Lambert. Si banki yenye ofisi. Ni jirani anayekopesha kwa riba ya nusu, pengine riba sawa na mkopo wenyewe, kwa mwezi mmoja tu. Tuhesabu pamoja. Umekopa franka 100.000, mwezi ukiisha unadaiwa 150.000. Huna, basi unazichukua kwa Lambert mwingine: mwezi wa pili unadaiwa 225.000. Ukienda kwa wa tatu, zinakuwa 337.500. Na unga ulionunua ulikwisha tangu mwezi wa kwanza! Deni halikulipwa. Lilihama nyumba tu, na kila lilipohama lilinenepa.

Serikali ilianza kuwalipa watumishi wake kwa njia ya banki mwaka 2011. Sasa wako wanaoweka karti ya banki rehani. Mshahara ukifika, mkopeshaji ndiye anautoa. Mwalimu amefundisha mwezi mzima, naye anarudi nyumbani mikono mitupu.

Baba zetu wa Gécamines walionja uchungu huo mbele yetu. Walikaa miezi mingi bila mshahara, wakaishi kwa deni. Miaka ya 2003 na 2004, zaidi ya 10.000 waliacha kazi kwa hiari na kupokea malipo ya mwisho. Kuna nyumba ambamo feza hizo zilifika kwa mkopeshaji kabla ya kufika mezani.

Sasa tumtazame Elisha. Mjane alimlilia, maana mwenye kumdai alikuja kuchukua watoto wake wawili wawe watumwa. Nabii hakumtuma kwa mkopeshaji mwingine. Alimwuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na mafuta kidogo. Kwa majirani aliazima vyombo vitupu, hakuazima feza. Mungu akavijaza. Lakini mafuta yalipaswa kuuzwa, deni kulipwa, ndipo mama na watoto waishi kwa yaliyobaki. Muujiza haukufuta deni. Ulimpa mjane kitu cha kulipia.

Basi wewe unayedaiwa, fanya hivi:

1. Mwambie mwenzako wa nyumba. Deni la siri linavunja ndoa.

2. Usiende kwa Lambert wa pili. Rudi kwa wa kwanza pamoja na mzee wa kanisa, uombe kulipa kidogo kidogo.

3. Tazama kilicho nyumbani: shamba, cherehani, mikono yako. Ingia likelemba, ambamo kila mmoja anatoa na kila mmoja anapokea kwa zamu, bila riba. Lakini usitoe likelemba kwa feza ya Lambert.

Na wewe unayekopesha, soma Nehemia 5. Ndugu waliwawekea ndugu zao mashamba na nyumba rehani, watoto wao wakawa watumwa. Nehemia aliwakemea wakubwa mbele ya mkutano, nao wakakubali kurudisha mashamba pamoja na riba. Kati yetu pia wako wanaovaa kanzu nyeupe siku ya ibada, na siku za kazi wanashika karti ya ndugu yao mfukoni. Zaka ya feza hiyo haimpendezi Mungu. Rudisheni karti. Pokeeni mlichokopesha, riba muiache.

Mungu aliyejaza vyombo vya mjane abariki kazi ya mikono yenu, na mtoke utumwani. Amina.