Korosho Haikusoma Mchoro

Nalasi, mkoani Ruvuma, ni nchi ya mikorosho. Tumfikirie mwanafunzi wa uhandisi mitambo aliyepewa kazi ya kubuni mashine ya kubangulia korosho za huko. Kwenye kompyuta anachora visu, anaingiza kipimo cha korosho ya wastani, anaendesha programu ya uigaji, na kila ganda linapasuka sawasawa. Shambani hakuna korosho ya wastani. Kuna kubwa na ndogo, zilizokauka na zenye unyevu. Maganda yana mafuta yanayounguza ngozi, na korosho karanga ikivunjika, bei inashuka.

Tofauti hiyo haiondoki kwa kununua kompyuta yenye nguvu zaidi. Uigaji huanza na yale ambayo mtu ameyaingiza. Unaweza kukokotoa mbali kuliko akili yetu na hata kutushangaza, lakini hauleti unyevu ambao hakuna aliyeukumbuka. Kitu chenyewe kina mengi kuliko tunayoyajua juu yake, na ndiyo maana kinaweza kutukatalia. Kujifunza uhandisi ni kujifunza kukataliwa na kitu, kisha kuuliza kwa nini.

Je, basi mkono ndio mwalimu wa kweli? Mkono nao una mipaka. Haugusi uga wa sumaku, wala hauoni mkazo uliomo ndani ya boriti ya daraja. Hayo kompyuta huyaonyesha vizuri, na humruhusu mwanafunzi kuangusha daraja mara mia bila kumuumiza mtu.

Tena, skrini si lazima itutenge na kitu. Miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere vilishirikiana na MIT ya Marekani katika mradi wa iLab, ambamo wanafunzi waliendesha vifaa halisi vya maabara kupitia intaneti. Jibu lilitoka kwenye kifaa, si kwenye dhana ya mtunga programu. Hata hivyo, kifaa hicho kilikuwa kimefungwa na kutayarishwa na mtu mwingine. Kuchagua nini kipimwe, kukaza nati, kusikia mlio usio wa kawaida: sehemu hiyo ya maarifa ilibaki kwa fundi wa maabara.

Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Rais Nyerere wa Tanzania alionya dhidi ya elimu inayodhani maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni na kuudharau ujuzi wa wakulima. Onyo hilo leo linaihusu skrini. Mbanguaji anayejua kwa vidole korosho ipi itavunjika ana maarifa ambayo mhandisi anayahitaji.

Kwa hiyo vyuo vitumie kompyuta bila woga, lakini visipunguze karakana na mafunzo ya viwandani kwa sababu programu ni nafuu. Asitunukiwe shahada ya uhandisi mtu ambaye kazi yake haijawahi kuhukumiwa na kitu chenyewe, mbele ya watu watakaoitumia.