Msaada Usiomgharimu Mtoaji

Ndugu msomaji, mtu akiahidi kumsaidia jirani yake siku atakapovamiwa, na siku hiyo ikifika akatoa msaada ule tu usiomgharimu kitu, je, ametimiza ahadi? Wengi watajibu kwamba ametimiza sehemu, na kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Jibu hilo lahitaji kupimwa, na mizani yake tunayo katika mambo yaliyoipata Uhabeshi.

Nchi hiyo, ile ile iliyowahifadhi Masahaba walipokimbia mateso ya Makka, iliingia katika Shirikisho la Mataifa mwaka 1923. Kwa mujibu wa mkataba wa Shirikisho, mwanachama aliyeuvunja kwa kumpiga vita mwenzake alihesabiwa kuwa amewapiga wote. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Italia yakavuka mpaka kutoka Eritrea. Yafaa tukiri kwamba wakubwa hawakunyamaza: siku chache baadaye Italia ilitamkwa kuwa ndiyo yenye kosa, na mwezi Novemba nchi zipatazo 50 zikaiwekea vikwazo vya biashara.

Lakini tazama vikwazo vyenyewe! Miongoni mwa vitu ambavyo Italia ilikatazwa kuuziwa walikuwamo farasi, nyumbu, punda na ngamia. Mafuta ya petroli, yaliyoendesha malori, vifaru na ndege zake, hayakuwamo. Mfereji wa Suez nao haukufungwa. Meli zilizojaa askari zilipita humo, zikalipa ushuru na kuendelea na safari. Na kabla ya vita, Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimezuia silaha zisiuzwe kwa upande wo wote. Kwa macho huo ulikuwa usawa; kumbe Italia ilikuwa na viwanda vya silaha, na Uhabeshi ilitegemea kununua.

Mwezi Desemba, Hoare wa Uingereza na Laval wa Ufaransa wakatunga sulhu ya kumpa mvamizi sehemu kubwa ya nchi aliyoivamia. Raia wa Uingereza walikasirika hata Hoare akajiuzulu. Mafuta, hata hivyo, yaliendelea kuuzwa, na gesi ya sumu ikamwagwa juu ya watu na mifugo yao.

Watetezi wa siasa ile husema: Italia ingalibanwa sana, ingalijiunga na Hitler, na hatari ingalikuwa kubwa kwa Ulaya nzima. Hoja hii si ya kipuuzi. Lakini usalama huo ulitakiwa kununuliwa kwa mali ya nani? Si yao. Wala hawakuupata, kwani Mei 1939 Italia ilifunga mapatano ya kijeshi na Ujerumani. Na hata kama wangaliupata, je, yaniwia halali kununua amani yangu kwa amana ya mwingine?

Qurani Tukufu, katika Sura Al-Hujurat, yaamrisha makundi ya waaminio wakipigana wapatanishwe. Moja likidhulumu, lizuiwe hata kwa nguvu mpaka lirejee. Kisha wapatanishwe kwa uadilifu. Sulhu ya Hoare na Laval iliruka hatua ile ya katikati, na uadilifu ukaachwa njiani.

Addis Ababa ilitekwa Mei 1936. Tarehe 30 Juni Mfalme Haile Selassie alisimama Geneva mbele ya mataifa hayo. Waandishi wa habari wa Kiitalia wakampigia miluzi mpaka wakatolewa nje. Akawauliza wajumbe awapelekee watu wake jibu gani. Mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa.