"Mali Ikiuzwa Hairudishwi": Je, Ndiyo Haki?



Maneno haya twayaona kila tuingiapo madukani. Yamebandikwa ukutani nyuma ya mwenye duka, au yamepigwa chapa chini ya risiti: "Mali ikiuzwa hairudishwi." Wengi wetu tumeyazoea hata tunayasoma kama amri. Mtu akinunua kitu asubuhi na kukuta jioni kwamba ni kibovu, huyakumbuka maneno yale, huguna, hukisukuma kitu chini ya kitanda na kusema, "Ndiyo bahati yangu." Yafaa tujiulize: je, tangazo lililoandikwa na upande mmoja tu laweza kuufuta wajibu wa upande huo huo?

Tuanze na sheria, maana wengi hatuijui. Sheria ya kuuziana bidhaa tuliyo nayo Tanzania Bara ilifuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Zamani zile watu walipenda kusema kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Hata hivyo sheria haikumwacha peke yake. Mtu afanyaye biashara ya bidhaa za namna fulani, akiziuza, huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba zafaa kuuzwa, hata kama hakutamka neno. Mnunuzi akimweleza kazi anayoitaka, na akautegemea ujuzi wake, muuzaji huhesabiwa kuwa ameahidi pia kwamba kitu kitaifaa kazi ile. Mnunuzi naye amewekewa mpaka. Kama alikikagua kitu, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipasa kuigundua. Na akitaka kukikataa, hana budi kufanya hivyo katika muda wa kiasi. Kisha mwaka 2003 ikatungwa Sheria ya Ushindani, inayokataza kuwahadaa walaji na inayotia katika mauzo masharti ya ubora hata yasipoandikwa. Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Maneno ya ukutani hayana nguvu ya kuyafuta masharti hayo.

Lakini sheria peke yake haitoshi. Mtu aweza kuwa salama mbele ya hakimu naye hana amani moyoni. Swali letu hasa ni hili: bidhaa ikiwa na kasoro, nani yampasa kuubeba mzigo wake?

Mambo mawili hayana ugumu. Kama muuzaji aliijua kasoro akaificha, huo ni wizi wa kistaarabu, na lazima arudishe. Nabii Amosi aliwakemea vikali watu wa namna hii, waliochanganya takataka na ngano na kuwauzia maskini. Tena, kama kasoro ilikuwa wazi, na bei ikapunguzwa kwa ajili yake, mnunuzi hana neno. Anunuaye kiti chenye mguu mfupi huku anauona, amenunua kiti pamoja na mguu wake.

Ugumu uko katika jambo la tatu: hakuna aliyejua. Chukua taa ya sola. Imetoka kiwandani imefungwa katika boksi, muuzaji hakuifungua, mnunuzi hakuwa na macho ya kuona ndani ya betri. Baada ya siku nne taa haiwaki. Mwenye duka husema, "Mimi sikuitengeneza. Nimeinunua Kariakoo kwa fedha yangu, na mwenye jumla harudishi. Faida yangu ni shilingi chache. Kwa nini hasara iwe yangu?" Tusiidharau hoja hii. Wenye maduka wengi katika vijiji vyetu si matajiri, nao wana watoto wa kusomesha.

Mwalimu mkubwa wa Kanisa wa karne ya 13, Tomaso wa Akwino, alilifikiri jambo hili kwa makini. Alifundisha kwamba muuzaji asiyejua kasoro hana dhambi kwa kuuza. Lakini siku anapojulishwa, yampasa kumfidia mnunuzi. Kabla ya kujua alikuwa mtu aliyekosea bila kukusudia. Baada ya kujua, anashika fedha ambayo kitu alichotoa hakikustahili. Na mwalimu huyo hakumwacha mnunuzi. Alisema kwamba mtu akiuziwa dhahabu na muuzaji anayedhani ni shaba, naye mnunuzi anajua kuwa ni dhahabu, mnunuzi ndiye mwenye deni. Ukweli unawadai wote wawili, na kuuziana kukiisha deni hilo bado lipo.

Hapo twapata jibu la mwenye duka. Ni kweli hakuitengeneza taa. Lakini yeye anamjua mwenye jumla, na mnunuzi hamjui. Yeye atarudi Kariakoo, na mnunuzi pengine hatafika huko maisha yake yote. Ile faida yake, hata kama ni ndogo, ni malipo ya kusimama katikati. Na asimamaye katikati hupokea fedha kutoka upande mmoja na malalamiko pia. Akimfukuza mnunuzi, kasoro haiondoki, ila inaangushwa kwa aliye mnyonge kuliko wote katika mnyororo ule.

Nasema mnyonge kwa sababu nimeyaona. Mama mmoja jirani yangu alikwenda dukani mara mbili kwa ajili ya taa kama hiyo, na mara zote aliambiwa atoke asiwazibie wateja njia. Mara ya tatu alifuatana na mpwa wake, karani, aliyevaa shati la kazini. Walibadilishiwa taa bila maneno. Taa ilikuwa ile ile na risiti ile ile. Basi, haki inayotolewa kwa kutazama shati si haki, ni heshima kwa wakubwa tu. Kwa hiyo yatupasa, sisi tuliosoma kidogo, kufuatana na jirani anayeona haya kudai.

Sasa tuje kwetu wanunuzi. Kitabu cha Mithali kinamtaja mnunuzi anayeponda mali wakati wa kupatana bei, kisha akaenda zake akijisifu. Huyo yupo hata leo. Yuko anayevaa gauni arusini Jumamosi na kulirudisha Jumatatu akidai halimtoshi. Yuko aliyeiangusha taa katika ndoo ya maji, akaifuta vizuri, akasema, "Nimeikuta hivi." Na tukumbuke kwamba kubadili nia si kasoro. Ukinunua kitambaa cha buluu kisha ukatamani cha kijani, mwenye duka akikubadilishia amekufanyia hisani, asipokubadilishia, hakukudhulumu.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuombe risiti, na kitu kinachoweza kujaribiwa kijaribiwe pale pale dukani. Pili, tukiona kasoro tuache kukitumia, na tukirudishe mapema. Tatu, tuseme kweli yote jinsi tulivyokitumia. Nne, tumwendee mwenye duka kwanza sisi na yeye peke yetu, kwa upole, kama Bwana alivyofundisha kuhusu ndugu aliyekosa. Tusianze kumtangaza sokoni. Tukubali kitengenezwe au kibadilishwe, ikiwa hilo litatutosha. Akikataa kabisa, twende kwa wanaohusika bila kuona aibu.

Wala tusidhani kwamba kunyamaza ni uvumilivu wa Kikristo. Waya wa umeme usiofaa ukiachwa bila kusemwa, utauzwa kesho kwa mwingine, na nyumba yake inaweza kuungua. Mbegu mbovu zikinyamaziwa, mkulima mwingine atapanda, na atakayopoteza ni msimu mzima wa mvua, ambao hakuna duka linaloweza kuurudisha. Anayerudisha kitu kibovu humsaidia mwenye duka ajue anachouza, na humkinga mnunuzi anayekuja nyuma yake.

Kwa ndugu zetu wenye maduka nina ombi moja. Liondoeni tangazo lile ukutani, na mahali pake muandike: "Ukiona kasoro, njoo na risiti tuzungumze." Huenda likawagharimu taa mbili tatu kwa mwaka. Lakini mama yule wa kanga ataweza kuingia dukani kwenu akiwa na uhakika wa kusikilizwa, hata akija peke yake.