Kila Mtu Mbele ya Nyumba Yake

Katika Kitabu cha Nehemia imo sura moja ambayo wengi wetu huiruka tunapoisoma Biblia. Ni sura ya tatu. Haina muujiza, haina vita, haina unabii. Ina majina tu, jina baada ya jina, ya watu walioujenga upya ukuta wa Yerusalemu uliokuwa umebomolewa na adui. Huyu alitengeneza kipande hiki, na yule kando yake, na mwingine kando ya yule. Wamo makuhani, wamo wafua dhahabu, wamo wachanganya manukato na wafanya biashara. Yumo hata mtawala mmoja aliyefanya kazi pamoja na binti zake. Na wengi wao, Maandiko yasema, walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe.

Kwa nini Roho Mtakatifu alipenda orodha hiyo iandikwe na kuhifadhiwa miaka elfu mbili na zaidi? Sisi twaona ni kwa sababu Mungu hadharau kazi ya mikono, wala hamsahau mtu aliyebeba jiwe lake moja. Mji ule haukuponywa na shujaa mmoja. Uliponywa na majirani, kila mmoja akianzia mlangoni pake, na mwisho wa kipande chake ndipo ulipokuwa mwanzo wa kipande cha mwenzake. Kazi ikaisha kwa siku 52.

Leo twapenda kuisoma sura hiyo huku tukiitazama nchi ya Shinyanga na Geita, nchi ya ng'ombe, pamba, almasi na dhahabu.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 2015, mvua kubwa ya mawe yenye upepo mkali ilikipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama. Watu walikuwa majumbani mwao. Kuta za nyumba nyingi zilikuwa za matofali ya udongo usiochomwa. Zililowa, zikalegea, zikawaangukia waliolala ndani. Watu zaidi ya 40 walikufa, wakiwamo watoto wengi, na mamia ya nyumba yakaharibika. Mahali ambapo mtu hukimbilia kujificha na hatari ndipo palipomwulia.

Baada ya msiba kama ule, hawakosekani wasemao kwamba Mungu aliwaadhibu watu wale kwa dhambi zao. Neno hilo Bwana wetu Yezu Kristo alikwisha kulikataa. Alipozitaja mwenyewe habari za watu walioangukiwa na mnara kule Siloamu, watu 18, aliwauliza wasikilizaji wake kama walidhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Kisha akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Lakini hakuishia hapo. Aliwaonya walio hai wageuke. Basi, wafu wa Mwakata hawana hatia kwa kufa kwao. Ila sisi tuliobaki tutakuwa na hatia kama twajua ukuta wa jirani umeinama nasi twapita kando kila siku tukimsalimu tu. Sheria ya Musa ilimwamuru mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukingo darini, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Maana yake ni wazi: mbele ya Mungu, ujenzi mbaya unaoweza kumwua mtu si umaskini tu wala bahati mbaya tu. Ni jambo la amri ya tano.

Twaambiwa, lakini upepo na mvua vyatoka mbinguni, mwanadamu atafanya nini? Kweli, hatuwezi kuizuia mvua. Lakini upepo upitao penye miti hupungua nguvu, na upepo upitao penye uwanda mtupu hufika mlangoni na nguvu zake zote. Na nani aliyeufanya uwanda ule uwe mtupu?

Hapa yatupasa kukumbuka historia yetu bila kuificha. Tangu miaka ya 1920, katika Usukuma, maelfu ya watu waliitwa kufyeka mapori ili kumfukuza mbung'o, aliyekuwa akiua ng'ombe na kuleta malale kwa watu. Walikuja kwa wingi, wakafanya kazi kwa umoja, na mbung'o akarudi nyuma kweli. Kisha mashamba ya pamba yakaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, kuni zikatafutwa mbali zaidi kila mwaka. Na watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, malisho yao ya asili mengi yaliachwa bila mwenyewe. Ilipofika miaka ya 1980, watu walikuwa wakisema kwamba Shinyanga inageuka jangwa. Tuone basi kwamba umoja peke yake hautoshi. Mikono mingi yaweza kuponya nchi, na mikono mingi hiyo hiyo yaweza kuivua nguo. Umoja wahitaji hekima itazamayo wajukuu.

Hekima hiyo Wasukuma walikuwa nayo tangu kale, nayo huitwa ngitili. Ni kipande cha malisho ambacho familia au kijiji hukifunga mvua zianzapo, nyasi zikue na miti ichipue, kisha hufunguliwa kiangazi kwa ajili ya maksai, ndama na ng'ombe wa maziwa. Mwaka 1986 Serikali ilipoanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI, ngitili zilizoandikwa zilikuwa hekta 600 hivi tu. Hapo mwanzo wataalamu walipanda miche katika vitalu, lakini upesi walitambua kwamba visiki vya migunga na miti mingine vilikuwa bado hai chini ya ardhi. Havikuhitaji ila kuachwa vipumue. Basi wakawarudia wazee, wakairudia ngitili. Kufikia mwanzo wa karne hii, katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao ulikuwa mkubwa kuliko wa leo, ngitili zilipita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa iitwayo Equator.

Wapenzi wasomaji, zingatieni nani aliyeifanya kazi hiyo. Mpango ulileta elimu na moyo, nao ukaisha mwaka 2004. Waliofunga malisho ni wenye malisho. Waliolinda ni sungusungu wa kijiji. Waliotunga sheria na kutoza faini ni wanakijiji wenyewe katika mikutano yao na katika dagashida, baraza lao la jadi. Tena faida waliiona wenyewe: kuni karibu na nyumba, nguzo na nyasi za kuezekea, dawa, asali, matunda ya porini. Wataalamu waliofanya hesabu walikadiria kwamba ngitili ilimpatia kila mtu kiasi cha dola 14 za Marekani kwa mwezi, kuliko wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini katika nchi yetu wakati ule. Mama aliyekuwa akitembea nusu siku kutafuta mzigo wa kuni alirudi mapema kwa watoto wake. Je, hiyo si Injili iliyotiwa mikononi?

Lakini tusisifu kupita kiasi. Mwenye shamba kubwa na ng'ombe wengi alipata ngitili kubwa. Mjane asiye na ng'ombe mara nyingi hakupata hata kipande. Kijiji cha Kikristo hakina budi kuuliza: katika ngitili yetu ya pamoja, mjane anayo haki ya kuni na nyasi, au anasubiri kuhurumiwa? Torati iliamuru masalio ya mavuno yaachwe shambani kwa maskini, mgeni na yatima. Yalikuwa yao, wala si sadaka.

Sasa twende upande wa dhahabu. Kuanzia Kahama mpaka Bukombe, Nyarugusu na Geita, maelfu ya vijana hushuka katika maduara kutafuta riziki. Twawaheshimu, jasho lao ni halali, na wengi wao husomesha wadogo zao kwa jasho hilo. Lakini kila duara hudai matimba ya kuzuia udongo, na matimba ni miti. Mashimo yaliyoachwa wazi hujaa maji masika, yakawa mtego wa watoto na mifugo. Na katika mialo ya kuoshea dhahabu hutumika zebaki. Yeye aichomaye zebaki jikoni au uani pake, mke na watoto wakiwa karibu, hawatii moto tu: awavutisha sumu isiyoonekana, ambayo huharibu mishipa ya fahamu na kumdhuru mtoto angali tumboni mwa mama yake. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Mkataba ni mwema. Lakini mkataba hauwezi kuingia uani pa mtu. Aingiaye ni jirani, amwambiaye mwenzake kwa upole: Ndugu yangu, usichome hapa, tumia chombo cha kunasia mvuke, na kazi hiyo ifanyike mbali na nyumba.

Kuna watakaosema, “Mbona mnatuhubiria sisi wadogo? Waambieni wenye migodi mikubwa na wenye vyeo.” Nao wana haki ya kusema hivyo. Tarehe 7 Novemba 2022, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka, na tope likaingia mashambani na majumbani mwa watu. Wanakijiji hawakulijenga bwawa lile. Achukuaye mali kutoka ardhini mwa watu ana deni la haki kwao: awalinde, na wakipata hasara awalipe kwa ukamilifu bila kuwazungusha. Hata katika sura ile ya Nehemia imeandikwa kwamba wakuu wa Tekoa hawakukubali kuinamisha shingo zao wafanye kazi ya Bwana wao. Aibu yao imesomwa vizazi vyote. Lakini angalieni: watu wa kawaida wa Tekoa hawakungoja wakuu wao. Walijenga kipande chao, kisha wakajenga na cha pili. Kudai haki na kufanya kazi havipingani. Mtu aliyejenga kipande chake husimama wima anapodai cha wengine.

Basi tufanye nini? Mwanzo uwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo, kwa kuwa hukutana nyumbani kwa watu, na macho yao huona kuta. Kabla ya masika, wanajumuiya wazunguke nyumba kwa nyumba. Wapi ukuta umepasuka? Wapi maji ya mvua yanasimama kwenye msingi? Mfereji mmoja huchimbwa kwa asubuhi moja. Msingi wa mawe, paa lililotokeza kuukinga ukuta na mvua, na boriti zilizofungwa imara kwa waya ukutani, haya si mambo ya matajiri. Matofali ya kuchoma ni magumu, lakini tanuri lake hula miti mingi. Pale inapowezekana, wanakijiji wachange pamoja wapate mashine ya kushindilia matofali ya udongo na saruji kidogo, yasiyohitaji moto, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyafundisha. Nyumba ya kwanza iwe ya mzee asiye na mtoto, ya pili ya mjane. Pandeni mstari wa miti upande utokako upepo, kwa umbali usiohatarisha paa. Mashimo yaliyoachwa yafukiwe au yazungushiwe uzio wa miiba. Na kila familia yenye ardhi ifunge ngitili, hata ikiwa ndogo kama uwanja wa shule.

Miezi michache baada ya maafa ya Mwakata, mwaka ule ule wa 2015, Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alitoa waraka wake Laudato Si', nao wahusu utunzaji wa dunia kama nyumba yetu sisi sote. Mafundisho yake hayana ugumu kwa mtu wa Shinyanga. Yeye ajuaye kwamba kilio cha ardhi iliyochakaa na kilio cha mama aliyefiwa chini ya ukuta ni kilio kimoja, huyo amekwisha kuuelewa.

Wasukuma hupenda mashindano. Katika sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambayo kwao huitwa Bulabo, Bagalu na Bagika hushindana ngoma, kila upande ukitaka kuvuta watazamaji wengi. Na zamani vijana wa kijiji, chini ya nsumba ntale wao, walilima shamba la mgonjwa huku wakiimba. Damu hiyo haijakauka. Twaomba vijana wa leo washindane tena: jumuiya ipi imeezeka nyumba nyingi za wajane, kigango kipi kimefunga ngitili pana zaidi, mwalo upi haujachoma zebaki majumbani.

Wazazi, wahusisheni watoto wenu katika kazi hizi, kama mtawala yule alivyowapeleka binti zake ukutani. Makatekista, liwekeni jambo hili katika mafundisho. Nasi sote, tusingoje msiba mwingine utufundishe. Mwenyezi Mungu, aliyewapa wazazi wetu wa kwanza bustani wailime na kuitunza, atubariki katika kazi ya mikono yetu, awape pumziko la milele wale waliofia majumbani mwao, na kutujalia kila mmoja wetu kukiona kipande cha ukuta kilicho mbele ya nyumba yake. Amina.