Haki ya Mjane na Debe la Mtama

Huko Msalato, kaskazini ya mji wa Dodoma, ardhi imepata bei. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma. Mwaka 2022 likawekwa jiwe la msingi la uwanja mpya wa ndege. Twafurahi. Lakini yatupasa kuulizana, wapenzi wasomaji: mjane auzaye shamba lake wakati wa njaa, je, hulipwa thamani yake?

Wagogo waijua njaa. Ile iitwayo Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliua maelfu. Wala si ukame peke yake: majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka, na vijana wa kubeba mizigo. Kumlisha mwenye njaa wa namna hiyo ni huruma. Lakini ng'ombe wake nani atamrudishia?

Nasi tujichunguze. Mkristo anunua shamba kwa bei ya kutupa, kwa kuwa muuzaji ana watoto wasiokula tangu jana. Jumapili apeleka kanisani debe la mtama kwa ajili ya maskini, naye asifiwa mbele ya watu. (Nasi wa magazeti twapenda kumsifu.) Debe hilo ni jema, na aliyepokea amekula akashukuru, deni la shamba lingali palepale.

Zakayo hakuchagua moja. Nusu ya mali yake aliahidi kuwapa maskini, na waliodhulumiwa naye kuwarudishia mara nne. Basi aliyempunja jirani asingoje Kwaresima. Aende kwake wiki hii, fedha mkononi, waketi na kuihesabu upya bei ya shamba, mbele ya mashahidi.