Bastola ya Kiboko

Kijana wetu mmoja aliyehamia Marekani anasema kule kwenye misitu ya dubu watu hubishana bastola gani inafaa kubeba kiunoni. Akauliza: na sisi wa Kizuka, tunaochota maji ziwani penye viboko na mamba, tumenyimwa haki hiyo kwa nini?

Swali si la kuchekwa. Anayekamatwa na mamba ni mama mwenye ndoo, si tajiri mwenye bomba nyumbani. Lakini kiboko dume hupita kilo 1,500, risasi ya bastola inaweza kumkasirisha tu. Yule mamba Gustave wa Ruzizi, ambaye Mfaransa Patrice Faye alimtegea kizimba cha chuma akamkosa, alisemekana ana makovu ya risasi mwilini. Zilimsaidia nani?

Halafu kiboko unakutana naye dakika chache. Siku zingine zote bastola inalala nyumbani, pamoja na ulevi, wivu na kesi za shamba la michikichi. Sisi tuliokimbia 1972, na wenzetu wa 1993, hatukukimbia kiboko ati. Tulikimbia watu wenye silaha, na wengi wao walisema wanajilinda.

Mimi ningemjibu hivi: waende kuchota kwa kundi, si alfajiri kiboko anaporudi majini kutoka malishoni, na pale pa kuchotea pazungushiwe miti iliyosimikwa majini. Miti haimgeukii jirani. Na kama pesa ya bastola ipo kweli, basi ivute bomba.