Lumbesa na Amri ya Saba

Juma hili twataka kusema juu ya Idara moja ya Serikali ambayo watu wengi hawaifikirii mpaka siku wanapodhulumiwa. Hospitali yajulikana na kila mama, polisi wajulikana hata na watoto wadogo, na mtoza ushuru hana haja ya kujulishwa kwa mtu. Lakini ofisa yule wa Wakala wa Vipimo, afikaye sokoni na sanduku lake la mawe ya mizani, akaijaribu mizani ya muuza nyama, akaipiga chapa na kwenda zake, ni nani amwombeaye katika sala za jioni? Hata hivyo kazi aifanyayo imeagizwa waziwazi katika Maandiko Matakatifu, tangu siku za Musa.

Wakala wa Vipimo uliundwa mwaka 2002, nao hutumika chini ya Wizara ya Viwanda na Biashara, kwa nguvu ya Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982. Kila mizani itumikayo katika biashara sharti ihakikiwe kila mwaka. Iliyo sawa hupewa alama; iliyopotoka hutengenezwa au huondolewa sokoni. Pampu ya mafuta hujaribiwa kwa chombo cha lita 20 chenye shingo nyembamba iliyotiwa alama, kisha hufungwa kwa lakiri ili asipatikane mtu wa kuichezea usiku. Magari yabebayo mafuta nayo hupimwa matangi yake, kama inavyofanyika huko Misugusugu katika Mkoa wa Pwani.

Na mawe yale ya ofisa hayategemei neno lake mwenyewe. Hulinganishwa na vipimo vya taifa vitunzwavyo na Shirika la Viwango Tanzania, navyo vya taifa hulinganishwa na vya mataifa mengine. Tangu mwaka 1889 kilo ya ulimwengu mzima ilikuwa kipande cha madini kilichohifadhiwa kwa kufuli huko Sèvres, karibu na mji wa Paris. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo hutokana na kanuni ya maumbile yenyewe, isiyochakaa wala kuibwa. Basi mjane anunuaye nusu kilo ya sukari dukani ana haki iliyofungwa kwa mnyororo mrefu, unaoanzia katika maumbile ya Mungu na kuishia katika kikapu chake. Mnyororo huo hukatika mara nyingi pete ya mwisho, pale penye mkono wa muuzaji au wa mnunuzi.

Wazee wetu nao walikuwa na vipimo vyao. Vibaba vinne vilifanya pishi moja, na frasila ilijulikana kwa wafanya biashara wote wa pwani na wa bara. Aliyekuwa na pishi iliyobonyezwa ndani aliitwa mwizi kwa jina hilo hilo, bila kutafutiwa jina la adabu. Siku hizi tumepata jina la adabu: lumbesa.

Kwa wasomaji wetu wa mijini, ambao pengine huliona gunia hilo juu ya lori tu, twaeleza. Mnunuzi aja shambani, katika nyanda za viazi, au penye vitunguu, au penye kabichi. Aja na magunia yake mwenyewe. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha badala ya kushonwa huongezwa kichwa cha wavu au cha kipande cha gunia jingine, nacho hujazwa tena mpaka gunia lisimame kama mtu aliyevaa kilemba. Sheria imeweka kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100. Gunia lile huweza kufika kilo 120, au 130, na zaidi. Lakini bei ni ya gunia moja, wala mizani haionekani mahali pale.

Tufanye hesabu, kama tulivyofundishwa katika darasa la nne. Tuseme baba mmoja ameuza magunia 10, na kila moja lina kilo 130. Amelipwa magunia 10, yaani kilo 1,000, lakini zilizopakiwa juu ya lori ni kilo 1,300. Kilo 300 zimekwenda bure, nazo ni magunia matatu kamili. Je, magunia matatu yale yalipandwa bila mbegu? Yalipaliliwa bila jembe? Mama wa nyumba ile aliinama mistari mingapi kwa ajili ya viazi ambavyo havikulipwa hata senti? Hapo ndipo zilipokuwa sare za watoto na mbolea ya msimu ujao. Wala tusimsahau mpagazi. Yeye hulipwa kwa gunia, naye huubeba mgongoni uzito wote ule ambao mwenye gunia hataki kuutaja.

Wako wasemao, "Mkulima amekubali mwenyewe." Twawajibu kwamba viazi vikisha kuchimbwa havingoji. Mkulima hana ghala wala gari, hana mizani, na karo ya mtoto aliye chuoni inadaiwa wiki ile ile. Aliye katika shida ya namna hii hukubali mengi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika maelezo ya amri ya saba, yahesabu kati ya makosa ya wizi udanganyifu katika biashara na kuitumia shida au ujinga wa mwenzako kwa faida ya bei, tena hata pale ambapo sheria ya nchi haikukataza. Hapa kwetu sheria imekataza. Basi mnunuzi wa lumbesa amevunja mawili kwa mpigo mmoja.

Sasa yafaa tufungue Maandiko. Katika Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, Mungu awaagiza watu wake wawe na mizani ya haki na mawe ya haki. Lakini ni Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, panapofika hasa mahali petu. Pale Musa awakataza Waisraeli wasiwe na mawe ya namna mbili katika mfuko, kubwa na dogo, wala vipimo vya namna mbili nyumbani. Mtu aweza kuuliza: kipimo kidogo twakielewa, maana ndicho cha kumpunja anunuaye, kikubwa je, ni cha nini? Jibu liko juu ya lori. Kikubwa ni cha kununulia, na kidogo ni cha kuuzia. Mfanya biashara huyo huyo aliyenunua kwa gunia lenye kilemba afika mjini, ayafungua magunia yake, naye aviuza viazi vile vile kwa kisado na kwa ndoo, na kisado chenyewe kimebonyezwa kitako. Nabii Amosi, aliyekuwa mchunga mifugo wa Tekoa, aliwakemea wafanya biashara waliokiona kirefu mno kile kitambo cha Sabato, wakingoja iishe ili wapunguze kipimo na kuongeza bei. Angalifika katika masoko yetu, asingalihitaji mkalimani.

Twajua pia kwamba yuko atakayelitafuta neno la Bwana Wetu katika Injili ya Luka juu ya kipimo kilichojazwa mpaka kikafurika, naye aseme kwamba lumbesa yatoka Injilini. Asome tena. Kipimo kile chafurika kwa mkono wa yule atoaye. Mama muuza dagaa akisha kupima kwa haki, kisha akamwongezea mteja wake kiganja kimoja kwa moyo, hiyo ni nyongeza, ni desturi njema ya kwetu, na Mungu aibariki. Lakini kufurika kunakochukuliwa na mpokeaji, mwenye mali akiwa amesimama kimya kwa unyonge, hakuna jina hilo.

Pengine mtu atasema kwamba dawa ni wakulima wenyewe kushika mizani, wala si Serikali. Twaheshimu wazo hilo, maana lina historia yenye sifa. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoka na mizani ya wanunuzi wa siku zile. Waliweka wapimaji wao wenyewe, wakaanzisha vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana chini ya uongozi wa Paul Bomani kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, muungano uliojulikana mbali nje ya nchi yetu. Lilikuwa tendo la watu wenye akili na ushujaa. Hata hivyo haikupita miaka mingi, wanachama wakaanza kuwanung'unikia makarani wao wenyewe, na mwaka 1966 Serikali ikaunda Kamati maalum ya kuchunguza mambo ya vyama vya ushirika. Mizani ilikuwa imebadili mwenyewe, lakini moyo wa mwanadamu ulikuwa ule ule. Ndiyo maana twasema, pamoja na ushirika, wahitajika mkono wa tatu, usiouza wala kununua, uje kuijaribu mizani bila kujali ni ya nani. Mkono huo ndio kazi ya Serikali. Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Warumi, amwita mwenye mamlaka mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yetu, na sisi hatuoni mfano ulio mwepezi kueleweka kuliko ofisa mwenye jiwe la kilo 20 mkononi.

Lakini ofisa mmoja hawezi kusimama katika kila njia ya shamba, saa kumi ya usiku, lori linapopakiwa. Tena yeye naye ni mtu, na bahasha hupenya mahali ambapo magari ya ukaguzi hayafiki. Ofisa anayepokea fedha ili gunia lipite hakumwibia Serikali tu. Amekuwa kilemba cha pili juu ya gunia lile.

Kwa Halmashauri zetu twalo neno moja. Mahali ambapo ushuru hutozwa kwa kuhesabu magunia, na nauli ya lori vivyo hivyo, mnunuzi ana sababu ya kulifanya gunia liwe kubwa kadiri awezavyo. Pakiwa na kituo cha kuuzia mazao, penye mizani iliyohakikiwa, na kila kitu kikahesabiwa kwa kilo, sababu hiyo huondoka yenyewe. Jirani zetu wa Kenya waliweka kanuni mwaka 2019 kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50, nasi twaona kwamba hata mgongo wa mpagazi ulikumbukwa katika hesabu hiyo.

Na ninyi wakulima, msifurahi mno kwamba leo twawasema wengine. Mchanga katika pamba, maji katika maziwa, viazi vilivyooza katikati ya gunia na vizuri juu na chini: hayo hayakufanywa na wanunuzi. Hakuna amri ya saba ya tajiri na nyingine ya maskini.

Limebaki jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Mtu aliyeiba aweza kuungama, naye Mungu ni mwingi wa huruma. Lakini maondoleo ya dhambi hayapatani na nia ya kuishika mali ya mwingine. Sharti arudishe. Zakayo hakungoja kuambiwa. Alisimama nyumbani mwake, mbele ya Bwana, akaahidi kurudisha mara nne. Mfanya biashara Mkristu aliyejenga nyumba kwa kilo zisizolipwa asifikiri kwamba zawadi ya mabati kwa kanisa imemfungia hesabu. Awatafute aliowadhulumu. Akiwajua, awalipe. Asipowajua tena, kwa kuwa ni wengi na miaka imepita, awape maskini kiasi hicho, wala asikiite sadaka, maana hakikuwa chake. Mapadre wenzetu katika kiti cha maungamo wasiogope kuuliza swali hili kwa upole: ulinunua kwa gunia la namna gani?

Twashauri tena jambo la mikono. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristu zilizo katika nchi za viazi, vitunguu na mahindi zachanga fedha kwa mambo mengi, harusi na misiba na jubilei. Zichange pia kwa ajili ya mizani moja ya kijiji, iwekwe kwa mtu mwaminifu, na kila gunia lipite juu yake kabla ya kupanda lori, awe anayeuza ni Mkatoliki, au Mwislamu, au mtu wa dini nyingine yoyote. Mnunuzi akikataa mizani, wakulima wa mahali pale wakatae gunia lake wote pamoja siku ile ile, kwani akikataa mmoja, lori litasogea mpaka kwa jirani yake. Na taarifa ipelekwe katika ofisi ya Vipimo ya Mkoa, pamoja na namba ya gari.

Mizani hiyo ya jumuiya nayo ipelekwe kwa ofisa wa Vipimo kupigwa chapa kabla haijaanza kutumika, na kila mwaka baadaye. Kubarikiwa na padre hakutoshi kisheria.